Mpira Haubonyei, Unatafuta Njia

(Hotuba kwa mafundi, wenye mashine na vijana wa ufundi, Dodoma. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mbukwenyi!

Ndugu zangu mafundi, mama zangu na baba zangu wenye mashine za kusaga na za kukamua alizeti, vijana wa gereji, asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Najua kila saa mnayokaa hapa kuna mteja anasubiri na gunia lake. Sitawazungusha.

Mkononi nina kipande cha mpira. Nikikupa na kukuuliza, "Huu ni mgumu au laini?", utafanya nini? Utauminya kwa kidole gumba. Muuza spea anauminya, mnunuzi anauminya, wanatikisa vichwa, wanapatana bei. Halafu mpira unafika chini ya jenereta na kufanya kinyume kabisa cha kile kidole kilichosema. Kwa nini?

Kwa sababu kidole kimepima ugumu, na jenereta haikutani na ugumu. Jenereta inakutana na ukakamavu, yaani kilo ngapi zinahitajika ili kipande kishuke milimita moja. Ugumu ni wa mpira. Ukakamavu ni wa kipande. Ugumu ni wa mpira, ukakamavu ni wa kipande! Mkiondoka na hilo peke yake, nauli yenu imelipwa.

Tuanze na jambo linaloshangaza wengi. Mpira haubonyei. Naona mnacheka. Sponji inabonyea, kwa sababu ndani ina hewa, na hewa inakubali kusongwa. Mpira mzima hauna hewa. Ukiukandamiza, kimo kinapungua lakini ujazo haupungui. Kile ulichokinyima juu kinatokea pembeni. Tazameni hapa ninavyoukaza kwenye jiliwa: mnaona unavyotoa kitambi? Kitambi hicho ndicho mgandamizo wenyewe. Mpira hausongeki, unatafuta njia ya kutokea. Mpe njia, atakuwa mlaini. Mzibie njia, atakuwa chuma.

Mnataka namba? Mpira wa ugumu 50 kwa kipimo cha Shore A, ukiachwa utune upendavyo, una moduli, yaani kipimo cha jinsi mpira unavyokataa kukandamizwa, ya megapaskali 2.2 hivi. Mpira huohuo ukizibwa pande zote, namba inapanda hadi kwenye 2,000. Karibu mara elfu! Maji yenyewe yako 2,200. Kwa hiyo mpira uliofungiwa kwenye boksi la chuma uhesabu kama maji, na sote tunajua injini iliyoingiza maji kwenye silinda inavyokunja fito.

Sasa mtazame fundi anayechonga mfereji wa oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, kwenye kifuniko cha pampu. Oringi yake ina unene wa milimita 3.5. Anataka ibanwe asilimia 20, anachonga kina cha milimita 2.8. Hapo yuko sawa kabisa. Lakini upana? Anasema, "Mpira ni wa 3.5, nitachonga 3.5 uingie vizuri usicheze." Tupige hesabu. Mkato wa oringi una milimita za mraba 9.6. Mfereji wake ni 2.8 mara 3.5, yaani 9.8. Umejaa asilimia 98, na pampu bado ni baridi. Ikifanya kazi, joto linaongezeka nyuzi 50. Mpira hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma, unaongezeka ujazo kama asilimia 3, na sasa unahitaji 9.9 ndani ya nafasi ya 9.8. Njia hakuna. Kifuniko kinanyanyuka, au sikio la aluminiamu linapasuka, au oringi inakatwa ukingoni na kutoka vipande vipande kama nyama iliyosagwa. Mwenye pampu anamlaumu muuza oringi. Oringi haina kosa. Mfereji ungekuwa na upana wa milimita 4.8 ungejaa asilimia 72, na mpira ungepata pa kuhemea. Kwenye mfereji, mpira ujaze robo tatu hivi, na usivuke asilimia 85.

Hiyo ndiyo habari ya kuzibiwa njia kabisa. Ila mara nyingi njia haizibwi yote, inapunguzwa tu, na hapo ndipo wengi tunapotegwa.

Tuna jenereta ya tani 2 pamoja na fremu yake, inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Inakaa juu ya vipande vinne vya mpira wa ugumu 50. Kila kipande ni sentimita 10 kwa 10, unene milimita 50, kinabeba kilo 500. Kinashuka milimita 8 na kidogo. Mwenye nayo anaona vitambi vimetoka, anaingiwa na hofu. "Mpira huu utapasuka. Niletee mwembamba usibonyee." Analetewa wa milimita 10. Ugumu uleule 50, mpira uleule, muuzaji yuleyule. Swali: ukakamavu umeongezeka mara ngapi?

Nasikia mara tano. Ni jibu la mtu mwenye akili, maana unene umepungua mara tano. Springi ya chuma ingekubaliana na wewe. Mpira unakataa. Umeongezeka mara 37.

Nirudie kwa walio nyuma: mara thelathini na saba. Kipande sasa kinashuka robo ya milimita, haifiki hata. Kilichozidi ile tano kimetoka wapi? Kimetoka kwenye umbo. Juu na chini mpira umeshikwa na chuma na zege, hauwezi kuteleza. Pembeni pekee ndipo penye mlango. Kipande kinene kina mlango mpana, kipande chembamba kina ufa tu.

Mlango huo unapimika. Chukua eneo linalobeba mzigo, gawa kwa eneo la pembeni lililo huru kutuna. Kipande cha milimita 50: juu kina milimita za mraba 10,000, pembeni 20,000. Namba ya umbo ni 0.5. Cha milimita 10: pembeni ni 4,000 tu, namba ya umbo ni 2.5. Sasa zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa 1.46, jumlisha 1, halafu zidisha kwa 2.2. Umepata moduli ya kipande chako. Cha kwanza kinatoa 3.0, cha pili kinatoa 22. Hizo 1.46 na 2.2 ni za ugumu 50. Kila ugumu una zake. Na hesabu inasimama endapo nyuso hazitelezi, mtaona baadaye kwa nini nasisitiza.

Jenereta inapata nini? Mashine iliyokaa juu ya mpira ina mdundo wake wa asili, yaani kasi inayodunda nayo yenyewe ikisukumwa na kuachwa. Inaposhuka milimita 8, mdundo huo ni kama mara 5.5 kwa sekunde. Injini inatikisa mara 25 kwa sekunde, iko mbali sana na mdundo, na mtikiso mwingi unaishia kwenye mpira. Lakini inaposhuka robo ya milimita, mdundo unapanda kupita 30. Ile 25 ya injini iko jirani. Mpira sasa haupunguzi mtikiso, unaukuza! Mwenye jenereta amenunua mpira ili sakafu itikisike zaidi. Angeiacha kwenye zege tupu asingepata hasara hiyo. Kumbukeni: ili mpira uanze kusaidia, mtikiso wa mashine uzidi mdundo wa asili angalau mara moja na nusu, na kazi nzuri huanzia mara tatu. Na mkipata wasiwasi na kitambi, pimeni kabla ya kuogopa. Kipande kilichoshuka asilimia 10 hadi 15 ya unene wake kiko kazini, hakijaumia. Huyu wetu alikuwa kwenye 16 au 17: ni juu kidogo, tiba yake ni kuongeza ukubwa wa kipande, si kupunguza unene.

Je, kama dukani kuna shiti ya milimita 10 tu? Msikate tamaa. Ikateni vipande vya milimita 25 kwa 25, kumi na sita kwa kila mguu, mviachie nafasi katikati ili vitune. Eneo linalobeba ni lilelile, lakini ukakamavu unashuka zaidi ya mara sita, kwa sababu mmefungua milango. Ndiyo maana pedi nyingi za kiwandani zina mifereji, mashimo au vinundu. Si urembo. Hata chini ya reli zinazofungwa kwenye mataruma ya zege huwekwa pedi nyembamba, na nyingi zina mifereji hiyohiyo. Pia mnaweza kupanga shiti tano juu ya nyingine zipate milimita 50. Ila tafadhali, tafadhali, msiweke pleti ya chuma kati ya shiti na shiti "ili ikae sawa". Pleti inamshika mpira kiuno asitune, na mmerudi kulekule kwenye kipande chembamba.

Na tairi? Nilijua litaulizwa. Vipande vya tairi la lori vimejaa chini ya mashine zetu kuanzia hapa hadi Kibaigwa. Ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma au nailoni, na nyuzi hizo hufanya kazi ya pleti: zinazuia kusambaa. Mzee aliyevaa katambuga miaka kumi anajua kwamba soli haisambai. Kwa soli ni sifa. Kwa springi ni kasoro. Tairi inafaa kuzuia mashine isiteleze na isikwaruze sakafu, ila msiitegemee kumeza mtikiso.

Nimeisema vibaya pleti. Sasa niisifu, kwa kisa cha kweli.

Mwaka 1963 tetemeko liliangusha sehemu kubwa ya mji wa Skopje, ambao leo ni mji mkuu wa Masedonia Kaskazini, na watu zaidi ya elfu moja walikufa. Katika kuujenga upya, Waswisi walitoa msaada wa shule ya msingi iliyopewa jina la Pestalozzi. Ilikamilika 1969, na ilikaa juu ya vitalu vya mpira ili ardhi ikitikisika, shule iteleze kwa utulivu. Wazo lilikuwa la mbele ya wakati wake. Lakini vitalu vilikuwa mpira mtupu, bila pleti ndani. Uzito wa jengo ukavikandamiza, vikatoa vitambi pembeni. Tena mpira mtupu wa umbo lile ni mlaini kwenda juu na chini karibu sawa na ulivyo mlaini kwenda kando, kwa hiyo jengo likitikiswa linaweza kudunda na kuyumba badala ya kuteleza tu. Mwaka 2007 vitalu vile vilibadilishwa, vikawekwa vyenye pleti.

Pleti zinafanya nini? Rudini kwenye kipande chetu cha milimita 50. Kigawe tabaka tano za milimita 10, katikati weka pleti za chuma zilizogandishwa na mpira kiwandani wakati mpira unapikwa kwa salfa. Kwenda chini, ukakamavu umepanda mara saba na zaidi. Kwenda kando? Haujabadilika hata kidogo. Unapoisukuma kando, mpira hauhitaji kutuna, unalala tu upande kama kitabu kikisukumwa jalada la juu, na pleti hazimzuii. Ndiyo siri ya pedi za madaraja: zinabeba tani mamia bila kuzama, na bado zinaliacha daraja la zege la mita 30 lirefuke na kufupika milimita kadhaa kati ya alfajiri ya baridi na jua la saa nane. Sisi tulio karibu na Bonde la Ufa, ambao ardhi ya Chenene hututikisa mara moja moja, tunapaswa kuzijua pedi hizi kwa sura.

Nitapita haraka kwenye jambo jingine. Mpira haushuki kwa mstari ulionyooka. Ukiukandamiza asilimia 10, halafu 50, umeongeza mara tano, lakini nguvu inayotakiwa imeongezeka zaidi ya mara kumi, na hapo ni kwa mpira uliopakwa mafuta usoni utune kwa uhuru. Ndiyo sababu maunti ya injini, ule mpira unaoibeba, iliyochoka na kukaa chini hupiga gari lote: haijawa laini, imefika kwenye sehemu ya mwinuko ambako mpira hautoi tena.

Na mnaoagiza mpira kwa ugumu, sikilizeni. Kati ya 50 na 60 ni hatua kumi tu kwenye saa ya duromita, kifaa cha kupimia ugumu. Moduli inatoka 2.2 hadi 4.45. Maradufu! Na muuzaji anayesema 60 kwa kawaida anaruhusiwa kukosea 5 juu au chini, maana yake unaweza kupata 3.25 au 5.85. Maunti mbili zenye namba moja ya dukani, moja kulia na moja kushoto, injini inainama. Nunueni kwa jozi, za kundi moja la uzalishaji, na mzipime kabla ya kufunga.

Sasa muda na joto. Hapa Dodoma joto tunalo, na ndilo linalotuibia mpira kimyakimya.

Mnamo Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Challenger kiliondoka Florida asubuhi ya baridi kali, na baada ya sekunde 73 kikasambaratika na watu saba ndani. Kwenye roketi za pembeni, viungio vilizibwa kwa oringi. Katika uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibanio kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya watu wote. Alipokifungua, mpira haukurudi. Ulibaki umelala kwa muda. Kiungio kilipofunguka kidogo kwa nguvu ya moto, oringi baridi haikuwahi kuufuata mwanya. Somo la glasi ile ni kwamba sili, yaani kizibo cha mpira kama oringi, haizibi kwa kubanwa tu. Inaziba kwa kurudi.

Kwetu barafu haipo, lakini kisa ni kilekile kwa njia nyingine. Mpira uliobanwa kwenye joto miezi mingi hupanga upya viungo vyake vya ndani, ukazoea umbo la kubanwa. Ukifungua, unakuta oringi ya duara imekuwa bapa. Hiyo haina tena ya kurudisha. Msiirudishe kwenye mfereji hata kama inaonekana nzima. Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha unene wa milimita 20, kibane hadi 15 kati ya pleti mbili, kiache siku moja mahali pa joto, kifungue, subiri nusu saa, pima. Kikirudi 18.5, kimepoteza 1.5 kati ya zile 5 ulizokibana: asilimia 30. Pima sampuli mbili za wauzaji wawili kwa masharti yaleyale, na utajua nani anauza mpira na nani anauza chaki iliyochanganywa na mpira.

Jua peke yake halitishi kipande kinene kama wengi wanavyodhani. Melbourne, Australia, walichunguza pedi za mpira asilia zilizowekwa kwenye daraja la reli mwaka 1889. Baada ya karibu miaka mia, uharibifu ulikuwa kwenye ngozi ya nje tu. Ngozi iliyokufa inamkinga wa ndani. Lakini mafuta hayana huruma hiyo. Mpira asilia huvimba kwa dizeli na kwa mafuta ya injini, na mafuta yetu ya alizeti nayo si rafiki yake. Kwenye mashine ya kukamua, tumieni mpira wa naitraili. Kwenye breki ni kinyume: mpira wa breki umetengenezwa kwa maji ya breki, na mtu akiuosha kwa petroli au kuupaka grisi ya kawaida, utavimba na kung'ang'ania kwenye silinda.

Mafuta yana dhambi ya pili. Nilisema hesabu yetu inasimama endapo nyuso hazitelezi. Jenereta ikivuja oili juu ya pedi zisizogandishwa, uso unateleza, mpira unatuna hadi kwenye nyuso zenyewe, na kile kilichokuwa na moduli ya 22 kinaelekea 2.2. Mguu mmoja umelowa, mitatu mikavu: mashine inainama upande mmoja, na pedi inatambaa kidogo kidogo hadi kutoka nje. Kabla ya kubadilisha pedi, tafuteni inakovuja.

Na bolti! Naona watu wanatoboa pedi, wanapitisha bolti kutoka kwenye fremu hadi kwenye zege, wanaikaza kwa nguvu zote. Mpira umefanya nini hapo? Mtikiso unashuka kwa bolti, mpira unatazama tu. Ukilazimika kupitisha bolti, panua tundu la fremu lisiguse bolti, weka kipande kingine cha mpira na washa pana chini ya nati, na ukaze hadi kushika tu, kisha funga kwa nati ya pili. Kwa bushi za springi na mikono ya gari, kaza bolti ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza liko juu ya jeki, bushi itaishi imejipinda, na itachanika mapema.

Mwisho tutoke hapo nje kwenye kivuli, kuna meza. Nimekata vipande vya sentimita 4 kwa 4 kwa 4 kutoka mipira mitatu tofauti. Vinne vya aina moja vinakaa kwenye pembe za ubao, juu tunaweka mifuko minne ya saruji, kila kipande kinabeba kilo 50. Tukandamize mara tatu kwanza na kuachia, kwa sababu mpira mpya huwa mkakamavu zaidi mara ya kwanza na hulegea baada ya kukandamizwa. Usipime ile ya kwanza. Mara ya nne tusubiri dakika moja, halafu tusome kwa venia, kile kipimio cha sehemu za milimita. Ukishuka milimita 5, ni ugumu wa 50 hivi. Ukishuka 2.6, ni 60. Kati ya mipira mitatu, mmoja umeandikwa 60. Kila mtu auminye kwa kidole kwanza, aandike alichokisia kwenye karatasi, ndipo tupandishe saruji.